Niliumizwa na kikundi cha kwanza. Je, nijiunge tena na ushirika wa nyumbani?

Mpendwa Mshauri,

Bwana asifiwe. Mimi ni mke na mama, na nimekuwa Mkristo tangu ujana wangu. Baada ya kuhamishwa kikazi, mimi na mume wangu tulianza kuabudu katika kanisa kubwa ambalo kila Jumapili lina ibada zaidi ya moja. Mahubiri yananijenga na kwaya inanigusa moyo, lakini baada ya baraka za mwisho ninatoka nikiwa nimesalimiana na watu wengi bila kufahamiana na hata mmoja. Miezi kadhaa iliyopita niliugua nikakosa ibada kwa majuma mfululizo, na niliporudi niligundua kwamba hakuna aliyejua kuwa sikuwapo. Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi nisingejua kama aliyezoea kuketi karibu nami hakuja.

Mchungaji wetu hutangaza mara kwa mara kwamba kila msharika ajiunge na kikundi kidogo cha ushirika na kujifunza Biblia, ambacho hukutana katika nyumba za washarika katikati ya juma. Moyo wangu unapenda, lakini unarudi nyuma kwa sababu ambazo ninaona aibu kumweleza yeye mwenyewe.

Katika kanisa tulilotoka nilikuwa katika kikundi cha namna hiyo. Jioni moja niliwaomba wenzangu waniombee kwa ajili ya jambo gumu katika ndoa yetu, nao waliniombea vizuri, wengine kwa machozi. Kabla juma halijaisha, jambo lile lilinirudia kupitia kwa mtu ambaye hakuwa mwanakikundi, naye alianza kwa kuniambia kwamba "ananiombea". Mume wangu naye alilisikia huko nje. Tangu hapo husema kwamba ibada ya Jumapili inatosha, na kila nikitaja kikundi huniuliza, "Mnakwenda kuongea nini huko?"

Zaidi ya hayo, siijui Biblia kama wengine. Ninaisoma, lakini bila mpangilio, na nikiambiwa nifungue kitabu cha Nahumu mbele za watu nitakitafuta mpaka nione haya. Kuomba kwa sauti kunanitisha zaidi, kwa sababu wapo wanaoomba kwa ufasaha kana kwamba wanasoma, na mimi maneno hunikauka.

Je, ni lazima Mkristo awe katika kikundi? Nikijiunga, nitajuaje kwamba hiki hakitakuwa kama kile? Na nifanye nini kuhusu mume wangu, ambaye sitaki kumpinga wala kumficha?

Msharika mwenye hofu


Dada mpendwa,

Asante kwa kuandika kwa uwazi. Nitaanza na lile lililokuumiza, kwa maana naona ndilo linaloyashikilia maswali yako mengine yote, hata lile la mume wako. Ulichotendewa kilikuwa kosa, na si kosa dogo. Jambo lililowekwa mbele za Mungu kati ya watu wachache haligeuki kuwa mali ya kila mtu kwa sababu tu limepewa jina la ombi, na anayelipeleka kwa mwingine bila ruhusa ya mwenye nalo amesengenya, hata kama alifumba macho na kuinamisha kichwa alipokuwa akilisema. Kitabu cha Mithali, sura ya 11 mstari wa 13, kinatofautisha mtu anayefunua siri na mtu mwenye roho ya uaminifu anayesitiri jambo, wala hakimpi nafuu yule wa kwanza kwa kuwa nia yake ilikuwa njema. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuomba uombewe. Ulifanya kile ambacho Yakobo anakiagiza katika sura ya 5 ya waraka wake. Waliokosea ni waliopokea neno lako wasilitunze.

Kuna andiko moja ambalo husomwa karibu katika kila kikundi kidogo, lile la Mathayo sura ya 18 mstari wa 20, kwamba walipo wawili au watatu waliokusanyika kwa jina la Bwana, yeye yupo papo hapo katikati yao. Tunalipenda, na hulitumia kujifariji siku ambayo waliohudhuria ni wachache. Lakini ukirudi nyuma mistari mitano tu, utaona mazungumzo yalianzia wapi: ndugu yako akikukosa, mwendee umwonye, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, na hapo tu ndipo jambo linafika kwa kanisa. Ahadi ya Bwana kuwa katikati ya wachache imewekwa ndani ya agizo la kutunza heshima ya mtu, ambapo jambo lake halipanuki ila kwa kiasi kinachohitajika ili apone. Kikundi kinachodai ahadi ya mstari wa 20 huku kikiukanyaga mstari wa 15 kimeipokea nusu moja ya neno, na nadhani ndicho kilichotokea kwenu.

Ikiwa unamjua dada aliyelitoa nje jambo lako, na ikiwa bado mnaweza kuwasiliana, ningekushauri umwendee kwa njia hiyo hiyo ya mstari wa 15, si ili umshinde, bali umweleze kwa upole namna neno lake lilivyofika nyumbani kwako. Inawezekana hajui mpaka leo. Hata hivyo sikulazimishi kufanya hivyo kabla ya kujiunga na kikundi kingine, kwa sababu kuna majeraha ambayo mtu hupata nguvu ya kuyasema akiwa tayari amezungukwa na watu wanaomjali.

Sasa nije kwenye swali lako kama ni lazima. Hapana, kama una maana ya kwamba wokovu unategemea hilo. Yule towashi wa Kushi katika Matendo sura ya 8 alibatizwa njiani, akaenda zake akifurahi, wala hatusomi kwamba alikuwa na kikundi cha kumpokea. Wala ibada ya Jumapili si kitu pungufu kinachongoja kukamilishwa na mkutano wa katikati ya juma. Lakini ukisoma nyaraka za mitume utakutana tena na tena na maagizo yanayotaka watu wawili wanaojuana: mchukuliane mizigo, mfundishane na kuonyana, mwungame ninyi kwa ninyi, mfarijiane. Siwezi kuchukua mzigo wa mtu ambaye sijui jina lake, na wewe uliugua majuma kadhaa bila mtu kuubeba wako. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anasema, "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri", na mara tu baada ya maneno hayo anaonya tusiache kukusanyika pamoja. Kukusanyika anakokutetea kunakwenda pamoja na kuangaliana. Katika kanisa kubwa mtu anaweza kutimiza kukusanyika kwa miaka mingi bila kuangaliwa hata mara moja, na hiyo ndiyo sababu mchungaji wako anasisitiza, nami ninakubaliana naye.

Jambo hili si geni wala si mtindo wa siku hizi. Kanisa la kwanza halikuwa na majengo yake. Prisila na Akila walikuwa na kanisa nyumbani mwao, Filemoni vivyo hivyo, na Petro alipofunguliwa gerezani alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, akawakuta watu wengi wanaomba. Karne nyingi baadaye, mwaka wa 1742, katika mji wa Bristol nchini Uingereza, wafuasi wa mhubiri John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Wakakubaliana kwamba kila mtu atoe senti moja kwa juma, nao wakagawanywa katika makundi ya watu wapatao kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wake wa kupita akikusanya. Viongozi wale walipokwenda nyumba kwa nyumba walikuta mengine yasiyohusu fedha: mmoja ameanguka katika ulevi, wengine wamegombana ndani ya nyumba. Wesley akatambua kwamba alikuwa amepata kile alichokitafuta kwa muda mrefu, yaani njia ya kila muumini kuwa na mtu anayejua habari zake. Makundi yale yakaendelea kwa ajili ya kutunzana, na yalikuwa sehemu ya uti wa mgongo wa Wamethodisti kwa vizazi. Ninapenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba faida ya kikundi kidogo haikubuniwa mezani. Iligunduliwa mlangoni mwa watu, na mtu aliyekwenda kuomba senti.

Idadi ile ya watu wapatao kumi na wawili ina busara yake. Wakizidi sana, wasemaji huwa ni wale wale na wanyamavu hujificha, na wakiwa wachache mno, wawili wakisafiri mkutano hufa. Kwa hiyo uliza ukubwa wa kikundi, lakini usiishie hapo. Unaniuliza utajuaje kwamba hiki hakitakuwa kama kile, nami nasema kwamba hutajua yote kabla ya kuingia, ila yapo mengi unayoweza kuyauliza na kuyatazama. Mpigie simu kiongozi, umwambie unataka kuhudhuria kama mgeni kwa muda kabla ya kujihesabu mwanakikundi. Muulize wanajifunza nini kwa sasa, na ni nani kanisani anayewasimamia. Kisha muulize bila kuona haya, "Mna utaratibu gani kuhusu mambo ya siri yanayosemwa katika maombi?" Kiongozi mzuri hatachukizwa, atafurahi kwamba umeuliza. Jibu ninalotaka ulisikie ni kwamba linalosemwa ndani hubaki ndani, kwamba halipelekwi hata kwenye kundi la simu wala kwa wenzi wa ndoa bila idhini ya aliyelisema, na kwamba jambo hilo hurudiwa kila mgeni anapoingia. Kuna mpaka mmoja ambao pia unapaswa kusemwa wazi mapema: mtoto akiwa anadhulumiwa, au uhai wa mtu ukiwa hatarini, kunyamaza si uaminifu, na jambo hilo lazima lifike kwa wanaoweza kumlinda. Kikundi kinachojua tofauti ya mambo hayo mawili kimekomaa.

Zipo pia dalili za kukufanya uondoke bila kujihukumu. Ukiona kiongozi anakataza maswali, au anajitia kati ya mke na mume, au anadai fedha ambazo uongozi wa kanisa hauzijui, au anatoa unabii juu ya ndoa na kazi za watu na kutaka utiiwe kama Maandiko, toka na umjulishe mchungaji. Vivyo hivyo ukiona kikundi kinajisifu kwamba chenyewe ndicho kilicho na nuru kuliko kanisa zima. Wapo waliofika huko zamani: huko Frankfurt, Ujerumani, mchungaji Philipp Jakob Spener alianzisha mikutano ya namna hii mwaka wa 1670 ili kulihuisha kanisa lake, na baadhi ya waliohudhuria wakaishia kujitenga nalo, kinyume kabisa cha alichokitaka. Na jambo zito la moyoni, hasa la ndoa, lipeleke kwa mwanamke aliyekomaa katika imani, wala usikubali kushauriwa faraghani na mwanamume, hata akiwa kiongozi wa kikundi.

Kuhusu kuijua Biblia, dada yangu, kikundi hakikuwekwa kwa ajili ya wanaoijua tayari. Fungua ukurasa wa yaliyomo uangalie Nahumu yuko wapi; wenzako wengi watakushukuru kimoyomoyo kwa kuwa nao walikuwa wanatafuta. Apolo, katika Matendo sura ya 18, alikuwa hodari katika Maandiko na msemaji mwenye nguvu, lakini Prisila na Akila walipomsikia walitambua pengo katika mafundisho yake. Hawakumsahihisha mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Ikiwa hodari alihitaji sebule ya watu wawili waaminifu, wewe na mimi hatuna la kuonea aibu.

Ninachokuomba uangalie ni kama Biblia inasomwa kweli. Vipo vikundi ambavyo mstari mmoja husomwa kama salamu ya kufungulia, kisha saa nzima inakwisha kwa maoni ya kila mtu. Napendelea zaidi vile vinavyochukua kitabu kimoja na kukifuata toka mwanzo hadi mwisho, kwa mfano Injili ya Marko yenye sura 16, au Waraka kwa Wafilipi ambao una sura 4 tu, huku watu wakijiuliza kifungu kinasema nini, waliokisikia kwanza walikielewaje, na sasa kinatudai nini sisi tulioketi hapa. Kufuata kitabu hivyo hutulinda. Mara ngapi tumesikia Wafilipi 4:13, kwamba nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, ikitumiwa kumhakikishia mtu kwamba atashinda mtihani au kupata cheo? Anayesoma mistari miwili iliyotangulia anakuta Paulo akisema amejifunza kuridhika, katika kushiba na katika kuona njaa, katika kupata na katika kupungukiwa. Ni neno tofauti, na kwa mtu anayepita katika shida ni neno lenye nguvu zaidi. Mambo ya namna hii hayahitaji msomi, yanahitaji mtu mmoja kikundini anayesema, "Hebu turudi juu kidogo tusome tena." Huenda mtu huyo akawa wewe, kwa sababu asiyejifanya kujua ndiye huuliza.

Na kuomba kwa sauti? Mwambie kiongozi mapema kwamba kwa sasa ungependa kusikiliza, naye asikutaje jina ghafla. Kisha, siku utakapokuwa tayari, omba sentensi moja. Petro alipokuwa akizama alisema, "Bwana, niokoe", na mkono ukanyoshwa mara hiyo. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali akajipiga kifua, akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", akashuka nyumbani amehesabiwa haki, wakati mwenzake mwenye maneno mengi hakupata hilo. Ufasaha unaousikia kwa wengine mara nyingi ni mazoea ya miaka, nao si kipimo cha imani yao wala cha yako.

Nimemweka mume wako mwisho kwa kuwa nataka uyasome hayo ya siri kwanza kabla ya kuzungumza naye. Tafadhali lisikilize upya swali lake, "Mnakwenda kuongea nini huko?" Unaweza kulisikia kama dharau ya mambo ya kiroho, lakini mimi nasikia mtu ambaye habari za nyumba yake zilimfikia kutoka kwa watu wa nje, na ambaye hakuwapo ziliposemwa. Yeye pia alijeruhiwa, tena kwa jambo ambalo hakuchagua kulieleza. Kwa hiyo usianze kwa kumthibitishia kutoka katika Biblia kwamba anakosea. Anza kwa kumwambia kwamba unaelewa kilichomuumiza, na kwamba unasikitika kuwa jambo la nyote wawili lilitoka kabla hamjakubaliana litoke. Kisha kubalianeni waziwazi: ni mambo gani ya nyumba yenu hayatasemwa kikundini hata kwa kuombewa, na ni yapi mnaweza kuyataja, na kwa maneno gani. Inawezekana kabisa kuomba hivi: "Niombeeni hekima nyumbani", bila kuongeza neno, na kikundi chema hakitachimba zaidi.

Mweleze pia siku na saa ya mkutano, na mpange pamoja watoto watakaa na nani, ili ushirika wako usiwe mzigo uliotupwa mabegani mwake. Mwalike aje, mara moja tu na kwa moyo mweupe, na akikataa usimsukume. Ukirudi, msimulie mlichojifunza katika kifungu, wala usimsimulie mambo ya watu. Akiona kwamba huleti nyumbani siri za wengine, atapata sababu ya kuamini kwamba za kwenu nazo hazipelekwi huko, na ushahidi huo una uzito kuliko hoja yoyote nitakayokuandikia. Kama bado atasema hapana kwa ukali, ombeni nyote wawili kukutana na mchungaji, kabla ya wewe kwenda peke yako kwa kujificha au kukata tamaa kabisa.

Ukishaanza kuhudhuria, jipe muda. Katika siku za mwanzo toa yale ambayo usingeumia yakijulikana: safari, mtihani wa mtoto, uchovu wa kazini. Angalia yanatunzwaje. Angalia kama juma linalofuata kuna anayekuuliza yalikwendaje, na kama aliyekosa kuja anapigiwa simu au analetewa ujumbe wa kumjulia hali. Ukiona hivyo, ongeza kidogo. Ukiona sivyo, mweleze kiongozi kwa staha, mshukuru, na umwombe mchungaji akuelekeze kwenye kikundi kingine. Usitoweke kimya, kwa sababu huenda maneno yako yakawasaidia kujirekebisha. Na wewe mwenyewe, jioni ya kwanza kabisa, chukua jina la mtu mmoja aliyeketi kimya kama wewe, na katikati ya juma umtumie salamu.

Wako katika Kristo,
Mshauri